HOFU YA GHAFLA: USIIKIMBIE

Huenda umewahi kuwa katika safu msikitini, mara moyo ukaenda mbio, jasho likakutoka, pumzi ikabana, vidole vikafa ganzi, ukadhani unakufa. Ikiwa ni mara ya kwanza, nenda hospitali ukapimwe, kwani huenda ni moyo. Vipimo vikiwa salama, elewa kuwa huo ni mshtuko wa hofu. Mwili hujiandaa kwa hatari ambayo haipo. Ganzi huletwa na kuhema haraka haraka. Kwa kawaida hali hiyo hufikia kilele ndani ya dakika 10, kisha hupungua.

Ikikuanza:

1. Baki palepale.
2. Vuta pumzi taratibu kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Rudia mpaka utulie.
3. Jiambie: hii ni hofu, itapita.

Punguza kahawa, na upate usingizi wa kutosha.

Wengi huacha sokoni, daladala, hata sala ya jamaa. Lakini kila unapokimbia, hofu hupata nguvu. Rudi kidogo kidogo: leo safu ya nyuma karibu na mlango, wiki ijayo katikati.

Nanyi watu wa nyumbani, msimwambie ana imani dhaifu. Kaeni naye. Hofu ikizidi, mpelekeni kwa daktari. Dua na tiba havigombani.