Pesa hailali mfukoni

Swali: Ustadhi, nakaa Majengo, nabeba mizigo Gikomba. Ramadhani najizuia kutwa nzima, lakini Idi ikipita, pesa ya siku haifiki Isha: miraa, soda, kubeti. Nifanyeje?

Jibu: Mwanangu, subira unayo, ila unaivua pamoja na kanzu ya Idi. Kubeti ni kamari, ni haramu, hapo hatujadiliani. Mengine yanapangika. Nabii Yusuf aliwashauri Wamisri wavune miaka 7 na kuiacha nafaka kwenye masuke yake, wasipure ila kidogo ya kula. Nawe ukilipwa, tenga akiba kabla hujanusa mahamri. Funga Jumatatu na Alhamisi. Pesa ya chakula cha mchana ya siku hizo mpe mama akuwekee. Anza Jumatatu hii.