Mahali, Bei na Hesabu: Somo juu ya Njia za Kuendeleza Vijiji

Somo hili ni kwa ajili ya makatibu wa vyama vya msingi na wanachama wao. Inafaa lisomwe kwa sauti mkutanoni, kisha lijadiliwe.

Mwanachama anapofikisha gunia lake la korosho au la kahawa katika ghala la chama, mambo matatu huwa yamekwisha kuamuliwa kabla hajatua mzigo. La kwanza ni mahali anapoishi na kulima. La pili ni bei atakayopewa. La tatu ni makato yatakayoondolewa katika bei hiyo na hesabu zake. Katika nchi ya Tanzania njia nyingi za kuendeleza vijiji zimejaribiwa kwa muda wa miaka mia moja hivi, nazo zimekuwa na majina mengi. Ili kuzifahamu, yatosha kuuliza swali moja kwa kila njia: katika mambo hayo matatu, nani alikuwa na kauli?

Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 haukumwuliza mkulima neno lolote. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita, ilikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa, ikafuata Urambo na Nachingwea. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, majembe ya matrekta yakavunjika, na mvua haikufuata hesabu za ofisi. Ukame wa Ugogo haukuwa siri. Kila mzee wa huko angeweza kuueleza bila malipo. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kutumia pauni milioni 36 hivi. Kusini ilibaki bandari ya Mtwara, pamoja na reli ya Nachingwea ambayo nayo iling'olewa baadaye.

Wakati huo wakulima wenyewe walikuwa wamekwisha kushika njia nyingine. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda umoja wao mwaka 1925, na mwaka 1933, baada ya kutungwa kwa sheria ya ushirika ya 1932, ukaandikishwa Chama Kikuu cha KNCU. Katika Usukuma jambo lilianzia kwenye mizani. Wakulima wa pamba walikuwa wakilalamika kwamba wanunuzi huwapunja kilo, kwa hiyo wakaanza kuweka wapimaji wao penye vituo vya kununulia. Hatua hiyo ndogo ilikuza vyama vya msingi vingi, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani. Makatibu wa leo wanaoona kazi ya kupima kuwa ya kumwachia kibarua wangefaa kuikumbuka asili hiyo.

Baada ya Uhuru, Serikali ilifuata ushauri wa taarifa ya Benki ya Dunia ya mwaka 1961, iliyotenga njia mbili: kuboresha kilimo palepale kilipo, au kuwahamishia wakulima wachache katika makazi mapya yenye matrekta na wasimamizi. Njia ya pili ndiyo iliyopendelewa. Makazi hayo yaligharimu fedha nyingi mno kwa kila jamaa iliyohamia, na walowezi waliyahesabu matrekta kuwa mali ya Serikali, wakingoja Serikali hiyohiyo iyatengeneze yanapoharibika. Mwaka 1966 mpango wa kuyaongeza ulisimamishwa.

Mwaka huohuo 1966 kamati maalum ya uchunguzi iliyoundwa na Rais iliangalia vyama vya ushirika vyenyewe, na matokeo yake hayakuwa ya kujivunia. Wanachama wengi hawakujua haki zao. Watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, wengine hawakuwa waaminifu, na wanasiasa waliingilia kazi za vyama. Jambo hili halifai kufichwa katika masomo ya ushirika. Chama kilichoundwa na wakulima chaweza kumnyang'anya mkulima kauli yake sawasawa na shirika lililotoka mbali, iwapo hesabu zake husomwa na watu watatu tu.

Litowa, wilayani Songea, palikuwa na jaribio la namna nyingine. Vijana wachache walianza kuishi na kulima pamoja huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1963 ukaundwa Umoja wa Maendeleo ya Ruvuma. Wanavijiji walijadili kazi na mgawo wao katika mikutano. Walijenga shule yao, wakawa na mashine ya kusaga nafaka na ya kupasua mbao. Watu wa jirani waliotembelea vijiji hivyo walirudi kwao wakaanza vya kwao, hata kufikia mwaka 1969 vilikuwa 17 hivi. Mwalimu Nyerere alivipenda, na waraka wake wa Septemba 1967 juu ya ujamaa vijijini unafanana sana na yaliyokuwa yakifanyika huko. Hata hivyo mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo, na mali zake zikachukuliwa. Chama na Serikali ndivyo vingeendesha vijiji tangu hapo.

Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri, na kwamba watu wote wawe wamehamia kabla mwaka 1976 haujaisha. Mamilioni walihama, wengi kwa kusukumwa. Haki itendeke katika kueleza mambo: watoto wengi walipata shule, zahanati zilifika mahali ambapo hazikuwapo, na kampeni za kisomo ziliwafikia watu wazima wengi. Lakini mahali palipofaa kwa shule na barabara hapakuwa lazima pafae kwa shamba. Tena mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ununuzi wa mazao ukawekwa mikononi mwa mamlaka za mazao. Basi katika muda wa miaka mitatu mkulima aliondokewa na kauli juu ya mahali, juu ya bei, na juu ya hesabu.

Yaliyofuata yanaonekana wazi katika zao la korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 zilipatikana tani zipatazo 16,500. Wengine hueleza anguko hilo kwa sababu moja, kwa kawaida ile inayowafaa, lakini sababu zilikuwa kadhaa na zilishikana. Mkorosho ni mti wa miaka mingi. Haubebwi kichwani pamoja na kitanda na vyungu. Jamaa nyingi za Mtwara na Lindi zilipohamishwa, mikorosho yao ilibaki mbali. Palizi ikakoma, vichaka vikaota chini ya miti, moto wa kiangazi ukapita, na korosho zilizoanguka hazikuonekana za kuokotwa. Kisha ulienea ugonjwa wa ubwiri unga, ambao hushambulia maua na kuyakausha kabla hayajazaa. Kuuzuia hutaka salfa na kazi ya kupulizia kila msimu. Nani angeifanya kazi hiyo wakati sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ilikuwa ikipungua, na malipo yakichelewa? Mkulima wa kusini hakuandamana. Alilima mihogo ya kula, na mikorosho akaiacha. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo katika miaka hiyohiyo vikakosa cha kubangua.

Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Sheria ya 1991 ilivitambua kuwa vyombo vya hiari vya wanachama. Miaka michache baadaye wanunuzi binafsi waliruhusiwa, na vyama vingi vilivyoelemewa na madeni vikashindwa kushindana nao. Zao la korosho lilipanda tena, kwa sababu ya salfa, miche bora na bei nzuri zaidi. Msimu wa 2017/18 zilivunwa tani zaidi ya 300,000.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza katika korosho mwaka 2007, umerudisha mauzo ya pamoja kupitia vyama vya msingi na minada. Kwa mnada mkulima huona bei, na hilo ni jambo jema. Tatizo lipo katika safari ya fedha kutoka mnadani hadi mkononi mwake. Aprili 2013 huko Liwale wakulima walipoambiwa kwamba malipo ya pili yatakuwa pungufu sana ya waliyotarajia, zilizuka ghasia na nyumba za watu zikachomwa moto. Uchomaji wa nyumba ni uhalifu. Lakini chama ambacho wanachama wake husikia habari ya upungufu siku ya malipo kimekwisha kosea miezi mingi nyuma.

Kwa hiyo katibu aanze na karatasi moja ubaoni, kabla msimu haujafunguliwa. Tuseme bei ya mnada ni shilingi 2,000 kwa kilo. Usafirishaji uondoe shilingi 60, ghala 30, chama kikuu 30, na chama cha msingi 50. Jumla ya makato ni 170, na mkulima apokee 1,830. Kwa kilo 100 atapata shilingi 183,000 badala ya 200,000. Tarakimu hizi ni za mfano tu; kila chama kiweke zake. Wengi wataziona shilingi 50 za chama kuwa ndogo. Basi katibu aendelee mbele: chama chenye wanachama 400, kila mmoja akileta kilo 500, hupokea kilo 200,000, na zile shilingi 50 huwa shilingi 10,000,000. Hapo hata mzee asiyesoma atauliza zilikwenda wapi, na ana haki ya kujibiwa kwa stakabadhi.

Kwa mkutano ujao, kila chama kijadili haya. Makato ya msimu uliopita yaliamuliwa na mkutano upi, na muhtasari wake uko wapi? Nani hukagua mizani kabla ya ununuzi kuanza, na je, miongoni mwao yumo mwanachama asiye wa bodi? Kituo cha kupokelea mazao kiliwekwa pale kilipo kwa sababu gani, na wanaotoka mbali, hasa kina mama wanaobeba mzigo kichwani, walipata kuulizwa? Majibu yaandikwe katika daftari la muhtasari, yasomwe tena mkutano unaofuata, na nakala ipelekwe chama kikuu kabla ya msimu.