Fimbo ya Kunyunyizia Paa: Kuiunda kwa Bei Nafuu na Kuitumia kwa Usalama

Paa la vigae vya saruji lililokwisha kupigwa na masika kadhaa hapa pwani huanza kuota michirizi myeusi, kutoka mgongo wa paa hadi kwenye gata. Upande wenye kivuli huwahi kuliko mwingine, na chini ya mwembe ndiko hali huwa mbaya zaidi. Wenye nyumba wengi hudhani ni moshi au vumbi. Ule ni mwani na ukungu, viumbe hai vilivyojishikiza ndani ya vitundu vya kigae na kuishi kwa unyevu. Fundi anayejua hivyo hatafuti nguvu ya kuubandua. Anatafuta dawa ya kuuua, na namna ya kuifikisha dawa hiyo juu bila kukanyaga kigae.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi fundi akiitwa kusafisha paa hubeba mashine ya presha ya kuoshea magari. Mashine ndogo za aina hiyo husukuma maji kwa presha ya bar 100 hadi 150. Kigae hung'aa siku hiyohiyo na mwenye nyumba hufurahi. Lakini maji yale yamekwangua ngozi laini ya saruji, na mengine yamepenya chini ya vigae hadi kwenye papi na kenchi. Kigae kilichokwaruzwa hushika maji kuliko cha mwanzo, hivyo mwani hurudi upesi. Marekani, ambako nyumba nyingi zimeezekwa kwa vigae vya lami, chama cha watengenezaji wa vigae hivyo kinaonya dhidi ya presha kubwa. Kinaelekeza klorini ya kufulia ichanganywe na maji nusu kwa nusu, ikae juu ya paa dakika 15 hadi 20, kisha isuuzwe kwa maji ya presha ndogo.

Kazi hiyo haihitaji zaidi ya bar 2 au 3, na hizo hupatikana kwenye bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, lile la lita 16. Shida ya bomba hilo ni fimbo yake. Ni fupi, na ndani ya kifyatulio chake mara nyingi mna springi ya chuma. Klorini huila springi hiyo. Ya kwangu ya kwanza ilikatika siku ya pili ya kazi, nikiwa juu ya ngazi, na dawa ikaendelea kumwagika bila namna ya kuifunga. Tangu siku hiyo naunda fimbo yangu mwenyewe.

Vifaa

Kanuni ni moja: kisiwepo chuma wala shaba mahali popote dawa inapopita. Shaba hugeuka kijani na kuganda, chuma huliwa na kutu, alumini hutoboka. Bomba la PVC la maji ya baridi linafaa, na lile lililoandikwa PN 10 lina nguvu nyingi kuliko tunayohitaji. Nunua mita moja na nusu ya robo tatu na mita moja na nusu ya nusu inchi. Ukitumia nusu inchi peke yake kwa mita tatu, fimbo itapinda kama ufito wa mvuvi aliyenasa samaki, na ncha itakuwa inachezacheza usipotaka. Ukitumia robo tatu peke yake, mkono utachoka. Ukiziunganisha, unene ukiwa upande wa mkononi, fimbo hubeba chini ya lita moja ya maji na hutulia.

Utahitaji pia soketi ya kupunguza kutoka robo tatu hadi nusu, koki ya plastiki ya robo tatu yenye mpini wa kugeuza robo mzunguko, elbo mbili za nyuzi 45, kofia za mwisho tatu au nne za nusu inchi, kiungio cha plastiki chenye meno cha kuingiza ndani ya mpira, gundi ya PVC, tepu nyeupe ya nyuzi na mpira wa mita 10. Katika vyote hivi, usibane matumizi kwenye koki. Ifungue pale pale dukani uitazame ndani: tufe lake liwe la plastiki, kwa kuwa zipo za plastiki kwa nje zenye tufe la shaba. Washa nyeusi za kawaida huvimba na kuoza kwa klorini. Ulizia za EPDM au Viton. Usipozipata, nunua za kawaida za akiba uwe unazibadili.

Kuunganisha

Kata mabomba kwa msumeno wa chuma, mkato unyooke, kisha piga tupa au msasa kwenye kingo hadi zisiwe na vinyuzi. Vinyuzi hivyo ndivyo vinavyokuja kuziba nozeli baadaye, na fundi hubaki akiilaumu dawa. Futa vumbi, paka gundi pande zote mbili, sukuma bomba hadi mwisho huku ukilizungusha robo mzunguko, ulishike nusu dakika. Koki ikae upande wa mkononi, karibu na mpira, ili uifunge bila kuachia fimbo. Ncha ipate elbo mbili zinazofuatana ili ielekee chini kama mdomo wa korongo. Dawa inapaswa kuangukia kigae kama manyunyu. Fimbo iliyonyooka huirusha juu, na upepo huirudisha usoni kwako.

Iache fimbo ikauke saa 24, halafu ijaribu kwa maji matupu na ukague kila kiungo. Usiijaribu kwa hewa ya kompresa hata kidogo. PVC ikipasuka ikiwa na maji huvuja tu, lakini ikipasuka ikiwa na hewa iliyobanwa hurusha vipande vikali kama vya chupa.

Nozeli

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndiyo sababu umenunua kofia tatu au nne. Ukitoboa tundu la duara utapata mshale wa maji unaolowesha mstari mmoja. Tunataka maji yafunguke kama upepeo. Chagua kofia yenye kichwa cha mviringo, si bapa. Ibane kwenye jiliwa, ndani mwake umeingiza kipande cha mti ili isibonyee, kisha pitisha msumeno katikati ya kichwa, polepole, hadi ufa mwembamba utokeze ndani. Acha hapo. Maji yanayotoka yakiwa yamebanwa na ule mviringo kutoka pande mbili hukutana kwenye ufa na kutandazika. Ufa wenye urefu wa milimita 5 au 6 kwa ndani unatosha kuanzia. Pitisha ukucha ndani ya ufa, toa mabaki, kisha weka kofia kwenye ncha bila gundi, kwa tepu na kubana kwa mkono, ili uweze kuibadili.

Sasa simama mbele ya ukuta mkavu, msaidizi apige pampu, nawe uvute mstari mmoja kutoka kushoto hadi kulia. Ukuta utakupa jibu. Ikiwa kuna mistari miwili minene na katikati pakavu, ufa una kinyuzi au umepinda. Ikiwa maji yanadondoka tu bila kutandazika, ufa umezidi upana na kofia hiyo haina kazi tena, chukua nyingine. Upepeo mzuri huacha alama yenye upana wa kama nusu mita, matone makubwa kama ya mvua ya rasharasha. Usifurahie ukungu mwembamba: ukungu wa klorini huelea na kuingia mapafuni. Mimi hukata kofia mbili kwa kila kazi, moja ya ufa mwembamba kwa dawa na moja pana kwa kusuuzia.

Kumbuka pia kwamba kila mita 10 za kupanda hula bar moja ya presha. Nyumba ya chini, yenye gata mita tatu au nne kutoka ardhini, haisumbui. Ghorofa inahitaji pampu ya betri ya volti 12, si mkono wa msaidizi.

Kipimo cha dawa

Yule anayesoma maelekezo ya Marekani ya nusu kwa nusu na kuyafuata hapa kwetu atashangaa mwani hauondoki. Klorini ya kufulia ya kule huwa na nguvu ya asilimia 6 na zaidi. Zetu nyingi za madukani ni asilimia 3.5 hivi. Soma kibandiko kila mara. Kwa kazi ya paa ni nafuu kununua klorini ya maji ya madumu, yenye asilimia 10 hadi 12. Hesabu yake ni hii: lita za tangi mara nguvu unayotaka, gawa kwa nguvu ya dumu. Tangi la lita 16, nguvu ya asilimia 3, dumu la asilimia 12, jibu ni lita 4 za klorini na 12 za maji. Kwa paa lenye weusi mwepesi, asilimia 2 inatosha. Dumu lililokaa juani hupoteza nguvu ndani ya wiki chache, kwa hiyo usinunue la miezi mingi.

Tangulia maji, kisha klorini, mwisho kijiko kimoja au viwili vya sabuni ya maji ya vyombo ili dawa ishike kigae. Usiongeze kitu kingine chochote. Klorini ikikutana na asidi, iwe ya kusafishia choo, ya betri au siki, hutoa gesi inayoweza kuua. Ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine yenye sumu. Ndoo iliyokuwa na dawa ya choo isitumike hata kama umeisuuza. Klorini ya unga ya mabwawa ya kuogelea usiitumie kwenye fimbo hii, maana mabaki yake ya chokaa huziba ufa.

Dawa hii ni ya vigae vya saruji, vya udongo na vya lami. Bati tupu na bati la aluzinki usiliguse kwa klorini. Paa la asbesto lisisuguliwe wala kupigwa presha na mtu yeyote, kwa sababu nyuzi zake zikivutwa huharibu mapafu.

Siku ya kazi

Masika yakiisha ndipo kazi huongezeka, na huo ndio wakati kusi linapovuma. Anza alfajiri upepo ukiwa bado umelala, kabla jua halijakausha dawa. Upepo uwe mgongoni mwako. Kabla ya kuchanganya chochote, piga hodi kwa majirani uwaombe waanue nguo: tone moja la klorini kwenye kanga iliyoanikwa halitoki tena, na mwenye kanga hatasahau. Tenganisha bomba la gata na tangi la maji ya mvua, na lisirudishwe hadi paa lisuuzwe na mvua kubwa ya kwanza ipite. Mwagia maua na mboga maji mengi kabla ya kazi, katikati na baada yake.

Tafuta waya wa umeme unaoingia ndani ya nyumba kabla hujaisimamisha ngazi. Fimbo ni ya plastiki, lakini fimbo iliyolowa hupitisha umeme. Wewe na fimbo mkae mita 3 mbali na waya. Ikiwa haiwezekani, sehemu hiyo ya paa iachwe hadi shirika la umeme lishughulikie waya. Ngazi isimame kwa kanuni ya nne kwa moja: gata likiwa mita 4 juu, miguu ya ngazi iwe mita moja kutoka ukutani, na kichwa kipite gata kwa mita moja. Bomba la dawa libaki chini pamoja na msaidizi anayepiga pampu. Tangi lenye klorini likivuja mgongoni mwa mtu humchoma, tena akiwa juu. Mtu wa tatu ashike ngazi.

Vaa miwani ya kufunika macho pande zote, glavu ndefu za mpira, buti na nguo usizozijali. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Kama umeajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ya Tanzania inamtaka mwajiri akupatie vifaa vya kinga, basi vidai bila woga. Dawa ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 mfululizo ndipo uende hospitali.

Nyunyiza kutoka chini kwenda juu ili michirizi isitangulie kwenye kigae kikavu, na usipande juu ya paa. Kigae chenye mwani uliokwisha kufa na klorini juu yake huteleza kuliko sabuni. Weusi utaanza kugeuka kahawia ndani ya dakika chache. Subiri dakika 15 hadi 20, suuza, na pale palipobaki rudia mara moja. Yale madoa mviringo ya kijivu, magumu kama yaliyobandikwa, hayataondoka siku hiyo. Yamekufa, yatadondoka yenyewe kwa mvua za wiki au miezi inayofuata. Mweleze mwenye nyumba kabla ya kuanza kazi, si wakati wa malipo.

Ukimaliza, pitisha maji safi kwenye bomba, mpira na fimbo kwa dakika kadhaa, kisha ihifadhi fimbo kivulini koki ikiwa nusu wazi. Tufe la koki iliyofungwa huhifadhi kiasi kidogo cha klorini, nayo huendelea kutoa gesi hadi koki ipasuke. Andika KLORINI kwa rangi nyekundu kwenye fimbo na kwenye tangi, ili mtu asije akalichukua bomba hilo kesho kupulizia mchicha.