SOMO: Gari la wagonjwa tumelipata, mazoezi ya wahudumu nani anayagharimia?

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika na wahisani wetu, katika somo la robo hii tunazungumzia jambo ambalo halionekani kwenye picha za makabidhiano. Gari la wagonjwa likifika tunakata utepe, tunaomba, tunapiga picha. Baada ya hapo tunaulizana juu ya mafuta na matairi. Ni mara chache tunauliza kama yule anayekaa nyuma na mgonjwa bado anakumbuka alichofundishwa.

Sisi wa Hanang tunao ukumbusho mzito. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang hadi mjini Katesh na vijiji vya jirani, ikiwemo Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki. Majeruhi walihudumiwa katika Hospitali ya Tumaini hapa Katesh, na wengine wakapelekwa Babati.

Majeruhi wa tope ana mambo yake. Mdomo na pua vimejaa matope, hivyo njia ya hewa husafishwa mapema. Nguo zimelowa, na baridi ya chini ya mlima wenye zaidi ya meta 3,400 mnaijua wenyewe. Mwili ukipoa sana, damu haigandi vizuri na jeraha huendelea kuvuja, kwa hiyo kumvua mtu nguo zilizolowa na kumfunika blanketi kavu ni sehemu ya matibabu. Tena, mtu aliyebanwa mguu na gogo kwa saa kadhaa anaweza kuongea vizuri kabisa, kisha akazimia na hata kufa muda mfupi baada ya kunasuliwa, kwa sababu sumu iliyojikusanya kwenye misuli iliyopondeka inakimbilia kwenye moyo na figo. Ndiyo maana mwongozo unataka dripu ianze, pale inapowezekana, kabla gogo halijanyanyuliwa. Mhudumu aliyelisikia jambo hili mara moja darasani, miaka mitano iliyopita, hawezi kulikumbuka usiku wa mvua na watu wanalia.

Kwamba mikono husahau, hatuna haja ya kwenda mbali kulithibitisha. Ushahidi mzuri umetoka Haydom, katika hospitali yetu ya Kilutheri iliyopo Wilaya ya Mbulu. Mwaka 2010 wahudumu wa pale walipewa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: mkaushe, msugue mgongo, na kama bado hapumui, mpe hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ile ya kwanza. Miezi saba baadaye walipimwa. Kwa mwanasesere wa mazoezi walifanya vizuri kuliko mwanzo. Lakini chumba cha kujifungulia hakikuonyesha mabadiliko: watoto walihudumiwa vile vile kama zamani.

Hospitali haikuitisha semina kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2011 mwanasesere aliwekwa pale pale wodini, na wahudumu wakafanya zoezi la dakika 3 hadi 5 kila wiki, pamoja na zoezi la dakika 40 kila mwezi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Dakika tano kwa wiki, wapendwa! Hakuna ukumbi wala posho ya kulala.

Ipo sababu nyingine ya kurudia, nayo ni kwamba miongozo yenyewe inabadilika. Aliyesoma kabla ya 2005 alifundishwa kumkandamiza kifua mtu mzima mara 15 na kumpulizia mara 2. Sasa ni mara 30 kwa 2, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Tangu 2010 kwa mtu mzima tunaanza na kifua, ndipo pumzi. Kwa mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2017 kwamba dawa ya traneksamiki itolewe mapema, ndani ya saa 3. Mwaka 2023 ukachapishwa utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Ulionyesha kwamba kuipima damu kwa mfuko maalumu badala ya kuikadiria kwa macho, na kutoa matibabu yote kwa pamoja bila kusubiri moja lishindwe, kulipunguza madhara makubwa kwa asilimia 60. Karatasi iliyobandikwa ukutani mwaka 2008 haijui habari hizi.

Hapa lazima tujikosoe. Kwa miaka mingi taarifa zetu kwa wahisani zimehesabu waliohudhuria semina. Tuliwahi kutembelea kituo kimoja ambacho vyeti vilikuwa vimepangwa vizuri ukutani. Tukaomba tuonyeshwe jinsi ya kumpa mgonjwa oksijeni garini. Mtungi ulikuwa umejaa, lakini spana ya kuufungulia ilikuwa stoo, na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa amesafiri. Kwenye taarifa yetu kituo hicho kilikuwa kimeshawekewa alama ya vema.

Tunachopendekeza ni kidogo. Kila Jumatatu, zamu zinapobadilishana, muuguzi na dereva wafanye zoezi moja la dakika kumi ndani ya gari lenyewe, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu ndimo watakamofanyia kazi. Wiki hii mtoto asiyepumua, wiki ijayo mama anayevuja damu, inayofuata kijana wa bodaboda aliyevunjika paja. Dereva asiachwe nje kwa kisingizio kwamba kazi yake ni usukani. Njiani usiku wako wawili tu, na mara nyingi yeye ndiye atakayeshika barakoa huku mwenzake akitafuta mshipa. Zoezi likiisha wakague mtungi, mfuko wa hewa, dripu, dawa na tarehe zake, kisha waandike kwenye daftari. Karatasi ya mwongozo iwe na mwaka juu yake, na mganga aipitie kila mwaka.

Tusiwasahau madereva wa jamii walio katika mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambao hufika pale gari la wagonjwa lisipopatikana, mtu akipiga 115 kwa ajili ya mjamzito au mtoto mchanga. Wao si wauguzi. Hata hivyo wakijua kumlaza mama ubavu, na kumweka mtoto kifuani kwake ngozi kwa ngozi akiwa amefunikwa, safari inakuwa salama zaidi.

Kwa wahisani, ombi letu la robo ijayo ni mwanasesere mmoja wa mtoto mchanga na mmoja wa mtu mzima kwa kila gari. Kwa kamati za sharika: mkitembelea kituo, msiombe vyeti. Ombeni daftari la Jumatatu, kisha mwombe mtungi ufunguliwe mbele yenu.