WACHACHE KATIKATI YA WENGI
Somo kwa darasa la wakubwa na vijana
Kusoma kwanza: Matendo ya Mitume 6:1-7, Walawi 19:33-34



Somo letu linahusu watu wachache wanaoishi katikati ya wengi, na ahadi ambayo inchi yetu ya Kongo iliwapa baada ya vita. Tukisema «wachache» hatutaki kusema watu wasio na maana. Ni kundi ambalo, kwa hesabu au kwa nguvu, haliwezi kujitetea peke yake penye kura, penye baraza la chifu wala penye kugawanya mashamba. Kundi lile lile linaweza kuwa wengi mahali hapa na wachache safari ya siku mbili kutoka hapa. Muluba wa Kasai ni mwenyeji kule Mbuji-Mayi, lakini alipokuwa Likasi mwaka 1992 aliona mambo mengine kabisa.

Tuanze na Neno. Katika kanisa la kwanza pale Yerusalemu wajane wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa kila siku chakula kilipogawanywa. Shida haikuwa mafundisho. Ilikuwa chakula, na lugha, na nani anajulikana na mgawaji. Tuangalie vizuri namna mitume walivyofanya. Hawakusema kwamba wajane wale ni wanung'unikaji. Hawakusema vilevile kwamba sisi sote ni mamoja katika Bwana na kwa hiyo neno hili lisitajwe. Waliita mkutano wote, jambo likasemwa mchana. Kisha wakachaguliwa watu saba, na majina yao yote saba ni ya Kiyunani, tangu Stefano mpaka Nikolao wa Antiokia, ambaye hata kwa kuzaliwa hakuwa Myahudi. Wafasiri wengi wanaona hapo kwamba kapu la chakula liliwekwa katika mikono ya upande ule uliokuwa umelalamika. Tushike neno hilo, maana tutalihitaji mbele.

Sasa tuje kwa inchi yetu. Vita vya 1996 na 1997, na vile vilivyoanza Agosti 1998, viliharibu kila kitu. Mapatano ya wote yalitiwa sahihi Pretoria tarehe 17 Desemba 2002, yakakubaliwa Sun City mwaka 2003. Raia walipiga kura juu ya Katiba mpya mwezi wa Desemba 2005, na ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Wale walioiandika walijua ni nini kilichotuua. Kwa hiyo kifungu cha 13 kinakataza Mkongomani kubaguliwa kwa ajili ya kabila lake, rangi yake, lugha yake, au kwa kuwa yeye ni wa kundi dogo. Kifungu cha 51 kinaipa Leta kazi ya kuhakikisha makabila yote yanaishi pamoja kwa amani, na kuyalinda makundi manyonge na wachache wote. Na kifungu cha 66, ambacho watu wengi hawakisomi, hakisemi na Leta. Kinasema na kila Mkongomani: ana wajibu wa kumheshimu raia mwenzake bila ubaguzi wowote na kuulinda umoja. Katika Katiba yetu, basi, kutokubagua si kazi ya bulamatari peke yake.

Haikuwa ahadi ya kwanza. Tangu tarehe 7 Juni 1966 kulikuwa na sheria namba 66-342 ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Mwaka 1976 inchi yetu iliingia katika mapatano ya mataifa ya kuondoa ubaguzi wa rangi. Sheria ile ya 1966 ilikuwa katika vitabu wakati mabaya yote tutakayoyataja hapa yalipotendeka. Hatusemi hayo ili kudharau sheria. Sheria nzuri iliyoandikwa ni mali, kwa maana mnyonge anaweza kuishika mkononi na kuidai. Lakini mtu asidhani kwamba ikishaandikwa imekwisha kufanya kazi.

Tukumbuke Katanga. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai, wengi wao waliozaliwa pale pale penye migodi ambapo baba na babu zao waliletwa kufanya kazi, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala penye gare wakingoja treni kwa majuma na miezi, na watoto wakafa pale kwa ugonjwa na njaa. Kabla ya kufukuzwa walikuwa wamepewa jina. Waliitwa «bilulu», ndiyo wadudu. Kila msomaji wa Kiswahili chetu anajua kilulu kinafanyiwa nini kikiingia nyumbani. Katika Agosti 1998 kule Kinshasa, jina la namna hiyo hiyo, la wadudu na vijidudu vya ugonjwa, liliwekwa juu ya Watutsi mbele ya watu wote, na watu wakachomwa moto barabarani. Miji hiyo miwili iko mbali sana, na makabila hayo mawili hayana ujamaa, lakini neno lilikuwa moja.

Katika Kivu jambo ni gumu zaidi, na hatutalipita kwa haraka. Sheria ya uraia ilibadilishwa mara nyingi: ya 1972 iliwapa uraia watu waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950, ya 1981 ikawanyang'anya, ikidai babu zao wawe walikuwa hapa tangu 1885. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004, pamoja na kifungu cha 10 cha Katiba, inahesabu makabila yaliyokuwa katika inchi hii siku ya uhuru, yaani 1960. Watu walilala wakiwa raia na kuamka wageni, bila kuhama nyumba.

Na kando ya hayo kuna damu. Huko Kasika katika Agosti 1998, na Makobola mwisho wa mwaka ule ule, raia waliuawa na waasi wa RCD na wale waliowasaidia kutoka inchi jirani. Huko Gatumba, Burundi, tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa usiku kambini. Katika Desemba 2021 pale Lweba, teritware ya Fizi, afisa wa jeshi letu la taifa aliuawa na kundi la watu kwa sababu ya sura na kabila lake, naye alikuwa amevaa nguo ya jeshi lile lile linalotulinda. Goma ilitwaliwa na M23 Januari 2025, na Bukavu Februari, na vidonda vikafunguka tena.

Mwenye kufiwa Kasika ana haki ya kulia na kudai hukumu. Mwenye kufiwa Gatumba vilevile. Hukumu inamtafuta mtu kwa jina lake na tendo lake. Anayeishika bunduki ajibu kwa bunduki yake, na serikali yoyote ya ng'ambo inayotuma askari ijibu kwa askari wake. Lakini mama anayeuza maziwa sokoni Uvira hajibu kwa ajili ya jemadari asiyemjua, hata kama wanasema lugha moja.

Tunawaacha kwa mwisho wale ambao hawana jemadari wala redio: Batwa wa Kivu, Bambuti wa Ituri, Bambote wa Tanganyika. Wote tunakubali kwamba walitutangulia katika pori hili. Hata wenye kuwadharau husema hivyo, ni ajabu. Basi mwaka 1970 parke ya Kahuzi-Biega ilifunguliwa, na mwaka 1975 ikaongezwa mpaka hekta 600,000. Batwa waliokuwa wakiishi ndani walitolewa bila kupewa ardhi nyingine. Gorila amelindwa, na ni vizuri alindwe. Mwenye pori alibaki kando ya barabara, mfanyakazi wa shamba la mwingine. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, katika uamuzi uliotangazwa 2024, ilisema kwamba Leta yetu ilivunja haki zao, na kwamba wanapaswa kurudishiwa ardhi na kulipwa fidia.

Katika Tanganyika, upande wa Nyunzu, Kabalo na Manono, Batwa na Baluba walianza kuuana mwaka 2013. Vikundi vya Batwa vilichoma vijiji vya Baluba na kuua. Tarehe 30 Aprili 2015 watu wenye silaha wa upande wa Baluba walishambulia kambi ya Batwa waliokimbilia Nyunzu, na wasiopungua 30 walikufa. Chini ya vita kulikuwa na mambo ya kila siku: kazi yenye mshahara wa nusu, ndoa inayokatazwa, kijiji kisichotambuliwa kuwa kijiji, na mwaka 2016 hata ushuru juu ya viwavi wanavyookota porini.

Tarehe 15 Julai 2022 ilitangazwa sheria namba 22/030 ya kulinda na kuendeleza haki za Batwa na ndugu zao wote wa pori. Inakubali haki yao juu ya ardhi wanayoishi na kuitumia, inadai waulizwe na kukubali kwa hiari kabla ya kuhamishwa, na inataka wafikie shule, hospitali na mahakama. Ni sheria ya kwanza ya namna hiyo katika inchi yetu. Iliandikwa kwa Kifaransa. Ni nani atakayeisoma kule Nyunzu?

Hapa ndipo kanisa linapoingia. Sisi tunaofuata imani iliyozaliwa katika udongo huu, na si kuletwa kwa meli, tunajua kuwa wachache. Simon Kimbangu alihukumiwa 1921 na kufa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walipelekwa uhamishoni, wengine mpaka Lowa kandokando ya Lualaba, katikati ya makabila ambayo lugha yao hawakuijua, mahali pasipo shamba la babu. Wenyeji wengine waliwaogopa, wengine waliwapa muhogo. Neno la Walawi 19 juu ya mgeni linasema na watoto wa watu hao.

Kwa hiyo parokia iliyo karibu na kambi ya Batwa isingoje semina. Mtoto akizaliwa, sheria inataka aandikwe kwenye ofisi ya raia ndani ya siku 90. Mama wa Kitwa anaogopa ofisi ile, na mara nyingi anacheka kwa aibu na kurudi nyumbani. Mama wa kanisa amsindikize, aketi naye mpaka karatasi itoke. Bila karatasi hiyo, siku moja ataulizwa kama yeye ni Mkongomani, yeye wa kwanza porini! Mwenye shamba aliye mwamini amlipe Mutwa sawasawa na jirani mwingine, kwa franka, si kwa chumvi na nguo kuukuu, wala kwa pombe. Ni jambo gani hili, kumlipa mtu kwa kitu ambacho sisi wenyewe tumekatazwa kukionja? Na siku ya kugawa msaada, tukumbuke wale saba: mmoja wa wenye kushika kapu na daftari awe Mutwa, hata kama hajui kusoma na kijana atamsomea.

Mwalimu wa darasa aongoze mazungumzo. Aulize kwanza: hapa petu, ni nani walio wachache, nao wanaitwa kwa majina gani tunapokuwa peke yetu jikoni na penye kinywaji cha chai? Halafu: katika komite ya parokia, ni nani kati yao anayeketi, na ni nani anayesimama mlangoni? Mwisho, kifungu cha 66 kisomwe mara mbili kwa Kifaransa, kisha mtu akieleze katika lugha ya nyumbani, polepole, na wazee wasioenda shule wapewe nafasi ya kwanza ya kusema.