Maziwa ya Ngamia Mezani: Vidokezo kwa Mgeni wa Garissa

Huko Toscana, Italia, nyama ya kuchoma au pasta ya nyanya hushushiwa Chianti, divai nyekundu ya zabibu za Sangiovese. Ukali wake hukata mafuta, na mdomo ukatamani tonge jingine. Hapa Garissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya, wakazi wengi ni Wasomali Waislamu, kwa hiyo divai haina nafasi mezani. Kazi yake hufanywa, tena vizuri sana, na maziwa ya ngamia. Wageni wengi huyakwepa na kuagiza soda, nami huwasikitikia, maana wanakosa kinywaji bora cha mji huu.

1. Onja kabla ya kutia sukari. Ni meupe pe, mepesi, yenye chumvi kwa mbali. Ladha hufuata malisho na maji: ngamia akikaa na kiu au akila mimea ya chumvichumvi, utaionja kikombeni. Kwa hiyo muulize muuzaji kundi lilikuwa wapi, atafurahi kukueleza.

2. Usidhani yameungua. Wafugaji hufukiza vyombo vyao kwa moshi wa kuni zenye harufu nzuri kabla ya kukamulia. Moshi hupunguza vijidudu, maziwa yakakaa zaidi kwenye joto hili. Harufu hiyo inapendeza mno na anjera, chapati laini ya Kisomali, ikiwa ya moto na imepakwa samli.

3. Yachemshwe. Maziwa mabichi huweza kubeba homa ya brusela, ambayo humsumbua mtu kwa miezi.

4. Nyirinyiri iende na suusac. Suusac ni maziwa ya ngamia yaliyoachwa yachachuke siku moja au mbili. Usingoje yagande kama mala ya ng'ombe; protini zake ni za namna nyingine, hubaki majimaji hata yakichachuka sana. Nyirinyiri ni nyama iliyokatwa vipande vyembamba, ikaanikwa, ikakatwa vidogo zaidi, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Hukaa miezi bila friji. Ni tamu, lakini imejaa mafuta, na baada ya vijiko vichache ulimi huchoka. Hapo piga funda la suusac baridi. Uchachu husafisha samli yote, na iliki iliyomo kwenye nyama inasikika upya. Kwangu mimi, hakuna chakula na kinywaji vinavyopatana hivi kaskazini mwa Kenya.

5. Pasta itake maziwa matamu. Wasomali waliizoea pasta chini ya utawala wa Italia. Jubaland, kusini mwa Somalia ya leo, Kismayu ikiwemo, ilikuwa ya Waingereza pamoja na Kenya hadi mwaka 1925, ilipokabidhiwa Italia. Mpaka ulipita katikati ya koo zilezile, na mapishi yakavuka pamoja na ndugu. Garissa pasta huliwa kwa mchuzi wa nyama na nyanya, ndizi mbivu pembeni. Kwa kuwa nyanya ina uchachu wake, suusac hapa inazidisha. Chagua maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Chumvi yake na utamu wa ndizi vinaelewana.

6. Kwenye chai, tia maziwa mengi kuliko maji, kisha iliki, mdalasini na tangawizi. Chapati inatosha.

7. Anza na kikombe kidogo. Tumbo lisiloyazoea huweza kuharisha siku ya kwanza. Wakati wa kufuturu, tende chache na nusu kikombe ni mwanzo mzuri.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4 nchini Kenya, wengi wao wakiwa kaskazini. Enyi wenye hoteli za Nairobi na Mombasa, yaandikeni maziwa haya kwenye orodha zenu za vinywaji, na wahudumu wenu wajifunze kumwambia mteja ayanywe na chakula gani.