Tunga Mtihani Kabla ya Kulifunza Gari

Anayeanza mradi wa gari linalojiendesha hukimbilia modeli. Anapakua picha, anaiacha kompyuta ifunze usiku kucha, na asubuhi anakuta alama 97 kwa 100. Swali langu kwake ni moja: alama hizo zinapima nini? Tunga mtihani kwanza, kisha ndipo uje kwenye kufunza.

Chukua nuScenes, hazina ya data inayopatikana bure kwa utafiti. Ina vipande 1,000 vya safari, kila kimoja cha sekunde 20, vilivyorekodiwa Boston na Singapore. Picha mbili zinazofuatana ndani ya kipande kimoja ni kama pacha. Ukizichanganya zote na kuchota asilimia 20 za kupimia, modeli inakuwa imeshauona mtihani. Tenganisha kwa vipande, na ikiwezekana kwa miji: funza kwa Boston, pima kwa Singapore. Boston huendesha kulia, Singapore kushoto kama Dar es Salaam na Nairobi. Alama zitaporomoka, na hizo ndizo za kuandika kwenye ripoti.

Halafu itafutie modeli yako mshindani kipofu. Katika nuScenes, takriban robo tatu ya safari gari linanyoosha tu barabara. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba mtandao mdogo wa neva usiopewa picha hata moja, ila mwendo wa gari na lilikotoka, ulikisia njia ya sekunde 3 zijazo kwa usahihi uliokaribiana na wa modeli kubwa zenye kamera. Mtandao wa aina hiyo unauandika kwa mchana mmoja. Kama modeli yako haimshindi kipofu, bado haijaiona barabara. Kisha gawa mtihani katika vikapu: kona, makutano, usiku, mvua, watu wanaovuka. Toa alama ya kila kikapu peke yake, maana wastani wa jumla hufunika kile cha watu wanaovuka, na humo ndimo zilimo roho za watu.

Kwenye kufunza kwenyewe, tatizo kubwa limejulikana muda mrefu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Dean Pomerleau wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliufunza mtandao uitwao ALVINN kushika usukani kwa kumwiga dereva. Dereva mzuri haachi njia yake, kwa hiyo mwanafunzi wake hajawahi kuona mtu akijirudisha. Akikosea kidogo anafika asipopajua, pale anakosea zaidi, na mwisho ni mtaroni. Pomerleau alizihamisha picha zionekane kana kwamba gari limekwenda upande, akaziambatanisha na usukani wa kurudi. Mwaka 2016 wahandisi wa NVIDIA walifunga kamera tatu mbele ya gari, zile mbili za pembeni zikionyesha barabara ingeonekanaje kama gari lingehama.

Huna gari? Una CARLA, programu ya bure ya kuigiza barabara iliyotolewa 2017. Inataka kadi ya grafiki yenye nguvu, hivyo omba nafasi kwenye maabara ya chuo. Mle ndani yumo dereva wa kiprogramu anayeijua ramani yote. Mara kwa mara uvute usukani wake upande kwa nusu sekunde, kisha rekodi anavyojirudisha. Ile nusu sekunde ya kuvutwa ifute, modeli isije ikajifunza kosa lenyewe. Hatua inayofuata, iache modeli iendeshe, na kila inapofika, andika yule dereva angefanya nini pale. Ongeza kwenye data, funza upya, rudia. Mbinu hiyo huitwa DAgger, ilichapishwa 2011, na kwa anayeanza mimi ningeitanguliza mbele ya nyingine zote.

Angalia pia usiipe modeli jibu bila kujua. Mwaka 2019 watafiti walitoa mfano wa modeli inayopewa picha zenye taa ya breki ya dashibodi. Taa huwaka kwa sababu dereva amekanyaga breki; modeli hujifunza kukanyaga breki kwa sababu taa imewaka. Kwenye data hufaulu, kwenye usukani hushindwa. Ndiyo maana mtihani wa mwisho ufanywe modeli ikiendesha yenyewe, katika mji na hali ya hewa ambazo haikufunzwa.

Ikimaliza kilomita 100 bila kugonga, usiandike kwamba haigongi. Gawa 3 kwa umbali uliokwenda bila tukio. Jibu ni kiwango cha juu cha ajali ambacho bado huwezi kukikataa kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa kilomita 100 ni ajali moja kila kilomita 33. Taasisi ya RAND ilipiga hesabu ya namna hiyo mwaka 2016. Barabara za Marekani zilikuwa na vifo 1.09 kwa kila maili milioni 100, kwa hiyo magari yangehitaji maili milioni 275 bila kifo kuonyesha tu kwamba hayamzidi binadamu kwa hatari. Magari 100 yakienda usiku na mchana kwa maili 25 kwa saa yangetumia miaka 12 na nusu.

Na usipime jicho peke yake. Tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku akikokota baiskeli. Uchunguzi wa NTSB, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, ulikuta kwamba mfumo ulimgundua sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Mara ulimwita gari, mara kitu kingine, mara baiskeli, na kila jina lilipobadilika, kumbukumbu ya mwendo wake ilitupwa. Mfumo haukuweza kujua kwamba anavuka. Basi weka jaribio hili: badilisha kwa makusudi jina la kitu kilicho mbele mara tatu ndani ya sekunde 5, uone kama gari litapunguza mwendo.

Vijana wa Kibera, Nairobi, wamechora mistari kuzunguka magari na watu kwenye picha za barabara za mbali ili magari ya huko yajifunze. Barabara zetu hazimo. Data ya India, IDD, yenye picha 10,000, inakaribia kidogo kwa sababu ina bajaji. Cha kufanya: funga simu mbele ya gari, rekodi saa chache za bodaboda wenye mizigo, mikokoteni na wanafunzi wanaovuka. Ficha nyuso na namba za magari, maana Kenya ina sheria ya data binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Weka alama picha 500 kwa mkono wako. Hizo usizifunzie modeli kamwe. Ziwe kikapu cha mwisho cha mtihani wako.